Uzi maalumu: Kufunga flai ya kuchokoza stilihedi, marabu tatu na mng'ao kidogo

Mkaazi wa Skagit (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Wadau kadhaa walio huku Marekani, majimbo ya Washington na Oregon, wameniuliza inbox namna ya kufunga ile flai ya rangi ya chungwa, nyekundu na zambarau ninayoitumia majira ya baridi. Naiweka hapa hadharani ili kila mwenye jiliwa na mkasi ajaribu, na wale wa Nyeri na Nairobi wanaofunga flai kama kazi waongeze ya kwao.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: flai ni chambo kinachofungwa kwa mkono, manyoya na nyuzi juu ya ndoana. Na stilihedi ni trauti wa upinde wa mvua, Oncorhynchus mykiss, jamii ileile iliyopandikizwa kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare. Tofauti ni kwamba huyu anazaliwa mtoni, anakaa humo mwaka mmoja hadi mitatu, kisha anashuka Pasifiki kunenepa. Akikomaa anarudi kwenye mto aliozaliwa kutaga mayai, mwili umegeuka fedha na mgongo rangi ya chuma. Kilo tatu hadi tano ni wa kawaida, mkubwa anapita tisa. Tena halazimiki kufa akishataga kama samoni wengi wa Pasifiki, anaweza kurudi baharini na kupanda tena mwaka mwingine. Jimbo la Washington lilimtangaza samaki wake rasmi mwaka 1969.

Sasa shika hili: akisharudi mtoni, chakula hakimshughulishi sana. Amekuja na akiba yake mwilini na shughuli moja tu. Kumwigizia mdudu fulani kwa usahihi kunasaidia kidogo, hasa maji ya baridi yaliyojaa. Unachofanya ni kumchokoza. Unapitisha mbele ya pua yake kitu chenye uhai, kikubwa kiasi, kinachopumua, mpaka akichukie au akitamani kukijua. Samaki hana mikono, akitaka kujua kitu anakitia mdomoni.

Msimamo wangu ni huu, na nitausimamia mpaka mwisho wa uzi: flai ya kuchokoza haivui kwa sababu inang'aa sana. Inavua kwa sababu maji yanapita ndani yake na kuichezesha. Ule mng'ao ni chumvi, ukizidisha umeharibu mboga yote. Flai nyingi za dukani zimejazwa karatasi za kumetameta hadi manyoya hayana nafasi ya kusogea. Kwenye kadi zinavutia macho ya mnunuzi, ndani ya maji zinasafiri kama zilivyo, ngumu, hazitikisiki.

Mchanganyiko wa rangi si wangu. Ni wa flai iitwayo Popsicle, kazi ya George Cook, ambaye alitengeneza familia nzima ya flai za marabu (manyoya laini, nayaeleza hapo chini). Kabla ya hapo, Ken na George McLeod, baba na mwana wa Seattle, walishatuachia Skykomish Sunrise, nyekundu na njano yenye bawa jeupe, ambayo bado inavua mpaka leo. Na ile habari ya kuning'iniza ndoana nyuma kwa kamba ilienea kutokana na Intruder ya akina Ed Ward, Jerry French na Scott Howell, waliokuwa wakisumbua samaki wa mto huuhuu wa Skagit. Mimi nimechukua rangi za Cook na nikaziweka juu ya umbo la hao wengine.

Vifaa. Kipande cha waya mgumu chenye tundu mbele, urefu wa milimita 35 hadi 40 (madukani vinauzwa tayari, vinaitwa shanki). Kamba ya kusuka ya ratili 30 (ndio uzito inaoweza kuvuta bila kukatika), ile inayoteleza kidogo. Ndoana fupi ya saizi 1 au 2 (namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo). Uzi imara mwekundu au mweusi. Manyoya matatu ya marabu: chungwa, nyekundu inayoelekea waridi, zambarau. Sufu ya chungwa ya kusokota. Flashabou, zile nyuzi nyembamba za plastiki za kumetameta, ya dhahabu na ya zambarau. Unyoya mmoja mrefu laini wa jogoo, wa zambarau au mweusi, ule unaotoka karibu na shina la mkia. Gundi.

Kuhusu marabu: zamani yalikuwa kweli manyoya ya yule korongo mfuko-shingo, ndege wetu anayekaa juu ya migunga ya Mombasa Road pale Nairobi na kwenye majalala ya Kampala. Siku hizi kinachouzwa kwa jina hilo ni manyoya ya chini ya bata mzinga wa kufugwa, yaliyotiwa rangi. Usiende kumsumbua korongo.

Kazi yenyewe.

Bana shanki kwenye jiliwa. Zungusha uzi kuanzia nyuma ya tundu hadi mwisho wa waya, mizunguko iliyobanana. Kata kamba ya kusuka, ikunje kitanzi, ilaze juu ya shanki kitanzi kikitokeza nyuma sentimita tatu hivi. Ifunge kwa uzi mpaka karibu na tundu, kisha pitisha ncha zote mbili ndani ya tundu kutoka juu kwenda chini, zirudishe nyuma chini ya shanki, zifunge tena na tia tone la gundi kali. Hapa usiwe bahili wa mizunguko. Hicho kitanzi ndicho kitakachobeba samaki, manyoya yote mengine ni mapambo tu juu yake.

Sasa sokota sufu ya chungwa kwenye uzi na utengeneze kijidonge kidogo, theluthi moja ya shanki kutoka nyuma. Watu wengi wanakiruka, na ndicho siri ya flai nzima. Marabu ikilowa inalala. Kijidonge kinaizuia isilale kabisa, kinaiinua mzizini ili maji yaingie chini yake. Bila hicho, flai yako inakuwa kamba moja nyembamba mara tu inapogusa mto.

Chukua unyoya wa chungwa. Angalia uti wake: unataka uti mwembamba unaopinda, si ule mnene unaokatika. Lowesha vidole. Shika ncha, rudisha nyuma nyuzinyuzi za chini, funga ncha hiyo mbele tu ya kijidonge. Kisha zungusha unyoya kwenda mbele, kila mzunguko mmoja mbele ya mwingine, huku mkono wa pili ukichana nyuzinyuzi kuelekea nyuma zisinaswe. Mizunguko minne inatosha. Funga, kata.

Flashabou ya dhahabu: nyuzi nne tu. Zikunje katikati juu ya uzi, telezesha mpaka zikae juu ya shanki, mbili ubavu huu, mbili ubavu ule. Zitakuwa nane ukihesabu ncha. Usizikate kwa mkupuo mmoja. Kata kila moja urefu wake, ndefu kuliko zote ipite marabu kwa upana wa kidole. Zikiwa sawasawa zinatembea pamoja kama ubao, zikipishana kila moja inacheza kivyake.

Unyoya mwekundu unafuata, mizunguko mitatu. Flashabou ya zambarau, nyuzi mbili. Unyoya wa zambarau, mizunguko miwili au mitatu. Mbele kabisa unyoya wa jogoo, mizunguko miwili, uwe kola. Huu una nyuzinyuzi ngumu kidogo na kazi yake ni kuvunja maji ili marabu iliyo nyuma ipate msukosuko. Malizia kichwa kidogo, fundo la kuzungusha, gundi. Ndoana unaivisha kwenye kitanzi mwishoni, ncha ikitazama juu ili isikwame kwenye mawe.

Jumla flai iwe sentimita sita hadi saba. Inyanyue mbele ya taa. Kama huoni mwanga katikati ya manyoya, umejaza mno.

---

Mdau wa Kiganjo

Hongera ndugu, umeeleza vizuri. Mimi nimefunga flai kwenye karakana huku Kenya miaka mingi, za kwenda Ulaya na Marekani, na stilihedi sijawahi kumwona ila kwa picha. Lakini marabu naijua. Naongeza mawili.

La kwanza, uti wa marabu ni dhaifu. Samaki mmoja mwenye meno akiuma, au ndoana ikigonga jiwe, uti ukikatika unyoya wote unafunguka kama bendeji. Sisi tulikuwa tunafanya hivi: kabla ya kuzungusha, unaulaza unyoya pamoja na uzi, unausokota mara chache kwenye uzi wenyewe, halafu unazungusha vyote viwili. Uti ukikatika, uzi unabaki umeshika. Njia ya pili ni kupitisha uzi mara moja ukirudi nyuma katikati ya manyoya na kurudi mbele, huku ukiuyumbisha kushoto na kulia usilaze nyuzinyuzi.

La pili ni mvuto wa uzi. Wanaoanza wanaogopa kukata uzi basi wanafunga legelege. Unatakiwa kufunga karibu kabisa na pale uzi unapokatika. Chukua uzi wako, funga kwenye ndoana tupu, vuta polepole mpaka ukatike, rudia mpaka mkono ujue mpaka uko wapi. Tulikuwa tunafundisha wasichana wapya hilo kabla hawajashika unyoya hata mmoja, na mkuu wa meza alikuwa anavuta kila flai kwa kidole. Ikizunguka kwenye ndoana, inafunguliwa yote.

---

Mkaazi wa Skagit

Mdau wa Kiganjo, ubarikiwe sana. Hiyo ya kusokota unyoya na uzi wote chukueni. Na nifurahi kusema hadharani: flai nyingi zinazouzwa huku zikiwa zimefungwa sawasawa zimetoka mikononi mwa watu wa Kenya. Mvuvi wa huku anayesifu flai yake mara nyingi hajui anamsifu nani.

---

Bint Pangani

Samahani kaka, swali la mtu wa bahari. Kwetu tunavua kwa dagaa hai au kipande cha ngisi. Kwa nini ujisumbue na manyoya? Na nimeona mahali mnavua halafu mnamrudisha samaki majini. Hapo ndipo mnaponiacha kabisa.

---

Mkaazi wa Skagit

Dada, swali la haki na nalijibu kwa moyo wote.

Kuhusu chambo: mito mingi ya stilihedi hairuhusu chambo cha asili, kwa sababu samaki anaweza kukimeza mpaka tumboni na hata ukimwachia anaweza kufa. Flai inashika pembeni mwa mdomo. Ndiyo maana pia napenda ndoana fupi inayoning'inia kwa kamba. Ndoana ndefu ya chuma inageuka kuwa wenzo ndani ya mdomo, samaki akijipinda inapanua jeraha na kuchomoka. Fupi inazunguka naye. Na kile kijino cha ndoana kinabanwa kwa koleo mpaka kilale, mito mingi huku hiyo ni sheria.

Kuhusu kumrudisha: stilihedi wa mwitu wamepungua vibaya. Wa Puget Sound, ghuba ambako Skagit inamwaga maji, waliwekwa kwenye orodha ya serikali ya viumbe walio hatarini mwaka 2007. Sababu ni nyingi zilizojumlika: mabwawa yaliyoziba njia, misitu iliyokatwa kando ya vijito mpaka mchanga ukafunika mawe wanayotagia, uvuvi uliopitiliza wa zamani, na bahari yenyewe kubadilika. Skagit ilifungwa kwa wavuvi majira ya kuchipua kwa miaka mingi, ikafunguliwa tena 2018 kwa masharti ya kuwaachia wote wa mwitu. Wanaofugwa kwenye vituo vya kutotolesha hukatwa pezi dogo la mafuta lililo mgongoni karibu na mkia. Ukimpata asiye na pezi hilo na mto unaruhusu, unaondoka naye mezani. Mwenye pezi unamwachia, na kwa sheria ya Washington hutakiwi hata kumnyanyua akatoka majini kabisa. Picha unapiga akiwa ndani ya maji.

Mimi nimekua kwenye nyumba ambayo samaki alikuwa ni chakula na ada ya shule, kwa hiyo najua uzito wa swali lako. Lakini nikimshika jike wa kilo tano amejaa mayai, kwenye mto unaopata wachache kiasi hiki, siwezi kumhesabu kama kitoweo.

---

Bint Pangani

Nimekuelewa. Hata kwetu kaa jike mwenye mayai wazee walikuwa wanamwachia. Endelea kaka.

---

Duluth Mswahili

Mkuu niko Minnesota, Ziwa Superior. Kuna stilihedi huku pia, wanapanda vijito vya pwani ya kaskazini majira ya kuchipua. Je, flai hii ni kubwa mno kwa huku? Na rangi: ni lini chungwa, lini nyeusi? Naona kila mtu anasema lake.

---

Mkaazi wa Skagit

Wako huko, ndiyo. Walipandikizwa kwenye Maziwa Makuu tangu karne ya 19 mwishoni, na ziwa ndilo bahari yao. Vijito vyenu ni vifupi na vyembamba, hivyo punguza: shanki ya milimita 20 au ndoana ya kawaida saizi 4, unyoya wa chungwa mizunguko miwili, mwekundu miwili, wa zambarau uache kabisa, kola moja. Flashabou nyuzi mbili za dhahabu. Sentimita nne zinatosha. Umbo na kijidonge vinabaki vilevile.

Rangi. Naangalia vitu viwili kwa mpangilio huu: maji yana uwazi kiasi gani, halafu mwanga.

Natumbukia mpaka magotini na kutazama viatu. Nikiviona vizuri, maji ni mangavu, nafunga ndogo, nyeusi au zambarau, mng'ao karibu na hakuna. Samaki kwenye maji mangavu anaona mbali na ana muda wa kuhukumu, kinachometa kupita kiasi kinamsogeza pembeni. Viatu vikionekana kama vivuli tu, ile rangi ya kijani yenye weupe kama maziwa ya kunywa, inayotoka kwenye Mto Sauk unaoingia Skagit, barafu ya mlima Glacier Peak inapoyeyuka, hapo ndipo mahali pa flai hii niliyoeleza. Chungwa na nyekundu vinaonekana, dhahabu inatupa mwanga, samaki anapata sekunde moja mbili tu za kuamua. Viatu visipoonekana kabisa, watu wengi wanakimbilia rangi kali zaidi. Mimi nafanya kinyume: naweka nyeusi kubwa yenye kola ya bluu au kijani kikali. Samaki aliye chini anaangalia juu kwenye mwanga, na kivuli cheusi ndicho kinachosomeka kuliko rangi yoyote.

Mwanga unakuja baadaye. Alfajiri na jioni, nyeusi na zambarau. Wingu jepesi mchana, chungwa. Jua kali juu ya maji mangavu, ndogo kabisa na utafute kivuli.

Ukiniuliza nichague kimoja kati ya rangi na kina, nachagua kina. Flai sahihi iliyo nusu mita juu ya kichwa cha samaki aliyepoozwa na maji ya nyuzijoto nne haimpi sababu ya kupanda. Flai ya rangi mbaya inayopita puani mwake ina nafasi. Baridi natumia mshipi wa Skagit, mfupi na mzito, wenye ncha ya kuzama ya futi 10, kisha nailoni ya ratili 12 hadi 15 urefu wa futi tatu au nne tu. Nailoni ikiwa ndefu, ncha inazama na flai inabaki juu.

---

Duluth Mswahili

Asante mkuu. Na ukishaitupa unaivutavuta?

---

Mkaazi wa Skagit

Hapana, na hili linaturudisha kwenye kufunga. Unatupa kuvuka mto ukielekea chini kidogo, unanyanyua mshipi na kuuweka upande wa juu mara moja ili flai ipate muda wa kuzama, kisha unaacha mkondo uusogeze wote taratibu mpaka uning'inie chini yako. Hatua mbili kuteremka, unatupa tena. Mkono hauchezeshi kitu. Kwa hiyo uhai wote wa flai lazima uwe umefungwa ndani yake pale kwenye jiliwa. Marabu iliyofungwa kwa nafasi inapumua hata kwenye maji yanayotembea polepole kabisa pembeni, na huko pembeni, pale mkondo unapolainika, ndiko wanakokaa baridi.

Na akiuma, usinyakue. Muache ageuke, mshipi ukaze wenyewe, ndipo unyanyue fimbo kuelekea ukingoni. Hapo ndoana inakaa kwenye kona ya mdomo.

---

Mwalimu wa Mbeya

Mkuu kwetu nyanda za juu kuna trauti kwenye baadhi ya vijito, lakini Flashabou na marabu ya rangi hatupati. Tufanyeje?

---

Mdau wa Kiganjo

Naomba nimjibu mwalimu. Manyoya laini ya kuku wa kienyeji mweupe, yale ya chini ya mkia na ubavuni, yanafanya kazi kwa saizi ndogo. Bata mzinga mweupe ni bora zaidi ukimpata. Yaoshe kwa sabuni ya vyombo mpaka mafuta yaishe, maana yenye mafuta hayashiki rangi. Chemsha maji yasifike kutokota, tia rangi ya chakula na siki, tumbukiza manyoya yakiwa yamelowa, koroga polepole. Toa yakiwa na rangi nzito zaidi ya unavyotaka kwa sababu yakikauka yanafifia. Yasuuze, yafunge ndani ya gazeti, yakaushe kwa kuyapepea.

Mng'ao tulikuwa tunajaribu mapambo ya Krismasi. Chagua yale membamba na laini sana, ukipuliza yatikisike. Yasipotikisika kwa pumzi hayatatikisika kwa maji. Karatasi za biskuti ni ngumu, ziache.

---

Mkaazi wa Skagit

Mwalimu, niongeze kidogo juu ya hilo la Mdau. Kwa trauti wa vijito vyenu shuka mpaka ndoana saizi 8 au 10, unyoya mmoja wa rangi moja, mizunguko miwili, uzi mmoja wa kumeta kila ubavu. Ukishafunga weka flai kwenye bakuli la maji, shika nailoni na uivute polepole kwa urefu wa bakuli, kisha simama. Ukisimama manyoya yanatakiwa kufunguka. Yakiganda mwilini, punguza mzunguko mmoja wa unyoya na uongeze sufu kwenye kijidonge, jaribu tena hapohapo kabla hujafunga ya pili. Weka picha hapa ukimaliza, tutaziangalia pamoja mimi na Mdau.